Shoka la Aliye Hai Hukaa Chini

Mashoka ya mzee Eliezeri wa Shighatini yalikaa ukutani, upande wa sebule usiofikiwa na moshi, na kila shoka lilikuwa na mtu wake, na watu wote wale walikwisha kuzikwa. Hili la babu yake, aliyefua chuma kabla Mjerumani hajaupanda mlima. Hili la baba yake. Lile la kaka yake, aliyeangukiwa na mti wake mwenyewe. Yalilala juu ya vigingi viwili viwili vya mti mgumu, juu kupita mkono wa mtoto, makali yamevikwa ala ya ngozi ya ng'ombe na kuelekezwa ukutani.

Yudith alipoletwa pale bibi harusi, mkwewe alimsimamisha mbele ya mashoka hata kabla hajaonyeshwa jiko.

"Mwanangu, hapa hakuna mizimu," akamwambia, maana alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka maneno. "Hapa kuna utaratibu. Shoka la mtu aliyekufa tunaliosha, tunalipaka mafuta ya mbarika, tunalivika, tunalipandisha. Shoka la aliye hai hukaa chini, nyuma ya mlango, makali yamechomekwa kwenye gogo la mgomba. Gogo likikauka, unakata jingine. Hivyo mpini haukauki ukalegea, wala mtu hakatwi mguu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba. Na makali, mbona yanatazama ukuta?"

Mzee akakohoa. "Basi tu. Si vizuri yakitutazama tunapokula."

Yusto, mume wa Yudith, alikuwa mwangushaji wa miti. Watu wa Ugweno walimjua kwa mlio wa shoka lake: mapigo mawili ya haraka, kisha kimya, kisha moja zito. Vita vya Hitla vilipokuja, akashuka Same bomani, akaandikishwa jeshi la Keya. Asubuhi ya kuondoka alilichomeka shoka lake kwenye gogo bichi, akamwambia mkewe, "Usimwazime Gideoni. Huyo anakata mti kama anayeua nyoka." Gideoni mdogo wake alikuwa amesimama palepale, akacheka, wote wakacheka. Halafu Yusto akateremka mlima.

Vita vikaisha. Vijana wakaanza kurudi, mmoja mmoja, na makoti yao ya khaki na macho yao ya kutazama mbali. Yusto hakurudi. Mzee Eliezeri akateremka hadi Same kuuliza, na karani akamjibu kwamba jina la kijana wake halimo kwa waliokufa, halimo kwa walio hospitali, na halimo kwa wanaokuja. Mzee akapanda mlima na jibu hilo, akalitua sebuleni kama mzigo ambao hakuna anayejua uwekwe wapi.

Basi shoka likabaki chini. Yudith akalitunza kama mtu anavyotunza mgonjwa. Kila Jumamosi alilichomoa, akalifuta utomvu, akalipaka mafuta, akakata gogo jingine. Na kwa kuwa shoka lilikuwa chini, Yudith alikuwa mke wa mtu. Siku lingepanda ukutani angekuwa mjane, na katika ukoo ule mjane alirithiwa na mdogo wa marehemu. Mchungaji alilikemea jambo hilo kila alipopita, lakini mchungaji alipita mara mojamoja, na wazee walikuwapo siku zote. Gideoni alikuwa bado hajaoa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Yudith hakulifikiri sana. Katika nyumba ile haliliwi tanga la mtu ambaye shoka lake liko chini. Kumlilia ni kumwitia kifo. Mama mkwe wake, Zipora, alikuwa akikoroga uji, akichambua mboga, akienda kanisani, na uso wake ulikuwa mkavu kama jiwe la kusagia.

Hali ilikuwa hivyo mpaka alipokuja Nathanaeli.

Alikuwa mtu wa Suji, upande wa pili wa milima, lakini alishuka kwenye gari la moshi, akaacha kwenda kwao, akapanda kwanza Ugweno. Alikaribishwa, akapewa ndizi na maziwa ya mgando. Hakula sana.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe umetoka huko?"

"Nimetoka vitani Bama, baba. Nilikuwa kombania moja na Yusto."

Yudith alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake umeegemea mahali shoka lilipokuwa.

"Kule ni mianzi mitupu," Nathanaeli akasema. "Hupiti bila kukata. Yusto alipewa shoka, awe mbele yetu anatufungulia njia. Ukungu mzito, kama huu wenu. Sisi hatukumwona, tulimfuata kwa mlio. Mawili ya haraka, halafu moja. Ukisikia hivyo unajua njia ipo. Basi tukawa tunafuata, tunafuata. Halafu mlio ukaisha."

"Risasi?" akauliza mzee.

"Sikusikia risasi, baba."

"Mlimkuta?"

"Tulikuta njia imekatwa hadi mahali. Baada ya pale mianzi imesimama. Hapakuwa na mtu, wala shoka, wala damu."

"Kwa hiyo hukumwona akifa," Yudith akasema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka.

Nathanaeli akamtazama. "Shemeji, sikumwona. Ningekuwa nimemwona ningekwenda zangu Suji moja kwa moja, nikalale. Nimekuja hapa kwa sababu bado nausikia ule mlio, nikataka kujua kama na ninyi mnausikia."

Wakamwambia hawausikii. Saa ile ilikuwa kweli.

Alipokwisha kuondoka, mzee Eliezeri akatwaa nyundo, akapigilia vigingi viwili vipya ukutani, mwisho wa mstari. Hakusema ni vya nani. Yudith naye hakuuliza.

Asubuhi iliyofuata, Yudith alipotoka kuwasha moto, nyuma ya mlango palikuwa na gogo tu, lina ufa wake. Shoka la Yusto lilikuwa ukutani. Limefutwa, linang'aa mafuta, limevikwa ala, makali kwa ukuta.

Akalishusha. Akalichomeka tena. Kisha akatoka mbio hadi kwa Gideoni, aliyekuwa akifunga mbuzi.

"Wewe ndiye!"

"Mimi ndiye nani?"

"Usijifanye. Umelipandisha shoka la kaka yako unirithi kama jembe!"

Gideoni akaacha kamba. "Shemeji, mimi shoka lile naliogopa tangu utoto, na wewe nakuogopa kulizidi. Nikikuoa nitalala wapi, zizini?" Lakini hakuwa akicheka. Akasogea karibu. "Ngoja nikuulize. Jana mchana, mgeni alipokwisha kwenda na ukungu ukateremka, ulisikia kitu huko juu msituni?"

"Sikusikia."

"Sawa," akasema. "Basi na mimi sikusikia."

Wote wawili walikuwa wamesikia. Mawili ya haraka, kimya, moja zito.

Tangu hapo ikawa hivyo. Ukungu ukishuka mchana, mlio unatoka msituni, juu ya migomba, mahali ambapo serikali ilikwisha kukataza watu wasikate. Walinzi wa msitu walipanda wakitafuta mwizi wa miti, wakashuka wakisema hapana mti uliokatwa. Nyumbani kwa mzee Eliezeri kila mtu aliinamia kazi yake. Mzee alipandisha sauti ya Zaburi yake. Zipora aliongeza kuni ambazo hazikuhitajika. Na shoka likawa linapanda. Si kila siku. Zilipita siku nyingi Yudith akalikuta chini, moyo ukatulia, kisha asubuhi moja yuko pale mumewe, kwenye mstari na wafu, amepakwa mafuta. Akishika mpini, ulikuwa na joto, kama ulioachwa sasa hivi na mkono.

Yudith akalishusha kila mara. Lakini akaanza kukonda. Akaanza kuliona shoka si kama kitu anachokilinda, bali kama kitu kinachomwomba jambo, naye anakikatalia.

Jumapili moja walikwenda kanisani wote. Walipofika kwenye kijito, Yudith akatazama nyuma, asimwone mama mkwe wake. Gideoni akasema amerudi, kasahau shuka yake. Yudith akasimama kidogo, kisha naye akageuza.

Alimkuta Zipora sebuleni, ameketi chini, miguu ameinyoosha kama wafanyavyo wanawake wanaomwogesha mtoto mchanga. Shoka lilikuwa mapajani. Alikuwa akilipaka mafuta kwa kiganja, taratibu, kutoka kwenye mpini hadi kwenye bapa, akilizunguka kila pembe, na midomo yake ilikuwa ikisema maneno ya Kigweno yasiyotoka nje. Kigoda kilikuwa tayari chini ya vigingi.

"Mama," Yudith akasema.

Zipora hakushtuka. "Funga mlango, unaingiza baridi."

"Mama, ni wewe? Siku zote hizi ni wewe unaniua?"

"Nani kakuua? Uko pale umesimama, unapumua." Akalifuta shoka kwa upindo wa kanga yake. "Yudith, wewe una mume wa kungoja. Nimekuona unavyomngoja, na Mungu akubariki. Mimi je? Nimezaa, nimenyonyesha, na sasa sina mtoto wa kumngoja wala sina mtoto wa kumlilia. Nikilia, wataniambia namwitia kifo. Nikicheka, nani atacheka na mimi? Kila Jumamosi unapolichomeka lile shoka kwenye gogo, unanichomeka mimi."

Yudith akaketi. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka yote ile, wamekula chungu kimoja, na hakuwahi kufikiri kwamba shoka lile lilikuwa na mwenyewe mwingine.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia nini? Kwamba nataka mumeo awe amekufa?"

Nje ukungu ulikuwa umeshateremka, umeziba migomba, na mwanga wa dirishani ukawa mweupe kama maziwa.

"Nilipandisha siku ile ya kwanza, alipoondoka yule wa Suji," Zipora akasema. "Na leo nilitaka kupandisha. Basi."

"Na zile nyingine?"

Mama mkwe akamtazama, na kwa mara ya kwanza Yudith akaona hofu katika uso ule.

"Zile nyingine, mwanangu, nilidhani ni wewe."

Huko juu, ndani ya ukungu, shoka likapiga mawili ya haraka. Likanyamaza. Likapiga moja. Safari hii hawakuinamia kazi, maana hawakuwa na kazi. Walikaa wakisikiliza, mama na mke, magoti yao yakigusana, na chuma kikiwa katikati yao. Yudith akamshika mkono, ukateleza kwa mafuta, akaushika tena.

Wanaume waliporudi kutoka kanisani waliwakuta hivyo. Mzee Eliezeri akaona kigoda, akaona shoka, akavua kofia.

Yudith akainuka. "Baba, utaratibu wa nyumba hii unasema nani apandishe?"

"Yeyote mwenye mkono safi."

Akanawa mikono. Akalivika shoka ala yake, akafunga kamba ya ngozi, akapanda juu ya kigoda. Akalilaza juu ya vigingi, akageuza makali yatazame ukuta. Lilikuwa zito kuliko Jumamosi zote. Halafu akawageukia, bado yuko juu ya kigoda, kichwa chake kimelingana na mashoka ya wafu.

"Shoka nimelitundika mwenyewe," akasema. "Mimi msinitundike. Nitakaa hapa na mama, nitalima shamba la Yusto, na mtu asinitafutie mwanaume."

Mzee akafungua kinywa, mkewe akamtazama, akakifunga. Gideoni akasema, "Amina," kwa sauti kubwa, kama mtu aliyetolewa gerezani.

Hapo ndipo Zipora alipolia. Kilio kilitoka, kikapita mlangoni, kikashuka bonde, na wanawake wa ng'ambo wakajifunga kanga, wakaanza kupanda na kuni na ndizi bila kuuliza ni nani, maana kila mtu Shighatini alikuwa akikingojea kilio kile. Walilia siku za tanga zote. Uso wa Zipora ukalainika tena. Baada ya hapo akaanza hata kuimba jikoni. Shoka likakaa mahali pake, wala halikuonekana tena chini.

Mlio nao ukakoma. Gideoni alisema umekoma. Mzee akashukuru kanisani kwa mafumbo. Zipora alipoulizwa akasema, "Mtoto wangu amelala."

Yudith hakubisha. Lakini siku ya kwanza ya ukungu baada ya tanga, alikuwa akipalilia peke yake juu ya migomba, akausikia. Karibu kuliko zamani. Mawili ya haraka, kimya, moja. Mtu anayefungua njia asiyoijua inakokwenda. Akasimamisha jembe. Katika nyumba ile, aliyekwisha kupandishwa haitwi kwa jina, naye alilijua hilo, maana alimpandisha kwa mkono wake.

"Yusto!" akaita.

Shoka likanyamaza, kama mtu aliyeacha kukata ili asikilize sauti imetoka wapi.