Sauti ya Kumwita Tansy

Mume wangu Alton hakuwahi kumpigia mbwa kelele. Kule bondeni, kando ya mto Neches, mbwa wetu Tansy akimpata nguruwe mwitu alimsimamia kwa mbali kidogo, akabweka tu bila kumgusa, mpaka Alton afike na bunduki. Naye alifika taratibu, bila hata kukohoa. Alisema mbwa humeza papara ya mwenye mbwa, na mbwa mwenye papara hupasuliwa tumbo.

Majira ya baridi Alton akavunjika nyonga. Mpwa wake, Rusty, akaja kumwazima Tansy. Mimi nilikataa katakata. Rusty ana domo, hata akiwa kanisani anasikika barabarani. Lakini mbwa alikuwa ananyong'onyea barazani, na Alton akamwonea huruma.

"Ukimkuta anabweka, funga mdomo," akamwambia.

"Kha, mjomba! Tunakwenda kuwinda au kuzika?"

"Nimesema funga mdomo, Rusty."

Hakufunga. Tulimsikia kutoka barazani: Tansy akianza tu kubweka, yeye huyo na makofi, "Tansy! Tansy! Mng'ate!" Mwanzoni mbwa alisita. Baadaye akawa anarudi na mikwaruzo kifuani, na Rusty anajigamba kwamba amemtia moyo. Alton alizipapasa zile alama, akasema basi, mbwa arudi nyumbani. Rusty akabembeleza apewe Jumamosi moja tu ya mwisho. Alton alikubali. Niliwakasirikia wote wawili.

Jumamosi hiyo kulikuwa na ukungu. Tansy alibweka kwa sauti nzito, pale pale, bila kusogea. Alton akaweka kahawa chini.

"Dume kubwa hilo," akasema. "Na anamsimamia vizuri, mama. Msikie."

Ndipo tukamsikia Rusty. Safari hii hakuwa anashangilia, alikuwa analia. "Tansy! Tansy! Njoo! Tansy!" Kubweka kukakatika mara moja. Rusty akaendelea kuita, kila mara kwa nguvu zaidi. Alton alifumba macho, nami nikajua.

Rusty alimleta Tansy nyuma ya pikapu, amemfunika kwa koti lake.

"Mjomba, haki ya Mungu nilimwita arudi! Nilipoliona lile dume nilijua litamuua. Nimemwita mpaka koo limekauka. Hakunisikia."

Alton alikuwa anamfuta Tansy tope masikioni.

"Ulipomwita, alifanya nini?"

"Alimrukia."

"Ukamwita tena?"

"Nikamwita tena. Akazidi kung'ang'ania, kila nilipomwita..." Rusty hakumaliza. Akaketi chini pale pale kwenye matope.

"Alikusikia, mwanangu," Alton akasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, badala yake nikamletea sepetu. Rusty akaichukua, akachimba kaburi nyuma ya banda hadi mchana, bila kutamka neno. Ndicho kimya tulichomwomba tangu mwanzo.