Shamba la Uvunguni

Kabla ya chai ya asubuhi Taufiki alikuwa ameshalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya Landrova ya Erasmus, brashi ya waya mkononi. Gereji yake iko Nyakanazi, mkabala na maegesho ya malori, na vumbi la malori hayo ndilo lililomfanya alizungushie gari maturubai kama mwali wa harusi.

Kazi ilikuwa ya kuudhi tangu ilipoletwa. Erasmus hakutaka uvungu upuliziwe oili chafu, kama wanavyofanya watu wenye akili zao. Alitaka urudi ulivyotoka kiwandani: chasisi nyeusi, sakafu ya kijivu, na marasharasha ya kijani pembeni, mahali ambapo mpaka rangi fulani wa Uingereza, Taufiki akiwa hajazaliwa, alirusha spreya bila kujali. Alikuwa na picha kwenye simu. Katika picha ilionekana hata alama ya chaki ya mkaguzi wa kiwanda, na Erasmus aliitaka hiyo chaki.

"Nani atalala chini aiangalie?" Taufiki aliuliza.

"Watalala," alijibu Erasmus. Kulikuwa na maonyesho ya magari ya zamani Mwanza, na majaji wa huko, alisema, hulala.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake, mzee Xavery, aliyelinunua kambi za wakimbizi za Lukole zilipofungwa, akalitumia shambani kwake Murukulazo hadi kufa kwake. Taufiki alikwangua matope ya miaka hiyo yote, akapiga msasa hadi chuma kikang'aa, akapaka praima, akapaka nyeusi. Asubuhi aliyorudi kupaka mkono wa pili alikuta miramura imeota kwenye chasisi, mstari kulia na mstari kushoto, majani yakining'inia kuelekea chini. Rangi haikupasuka. Mimea ilikuwa imepenya rangi kama inavyopenya udongo.

Taufiki alitukana kidogo, akaikata kwa kisu cha zulia, akapaka upya. Ikaota. Mramura ni mmea unaopandwa kuonyesha mpaka wa mashamba, na hata tawi lake ukilitupa jalalani litachipua, hilo linajulikana. Kinachokera ni kuchipukia kwenye kazi ya mtu.

Erasmus alikuja, akachungulia, akalinganisha na simu yake. "Kwenye picha haimo."

"Naona."

"Ni hiyo praima yako ya ovyo."

Taufiki akabadilisha praima. Miramura ikarudi, safari hii minene zaidi, imenyooka kwenye mstari kama iliyopandwa kwa kamba. Ndipo alipoweka kisu chini. Mpaka haung'olewi mpaka majirani wote wawili wawepo, na yeye alikuwa ameshaukata tena na tena bila jirani hata mmoja. Hilo lilimchukiza kuliko rangi iliyopotea.

Alimpigia simu Erasmus. "Baba yako alipakana na nani?"

"Mama Eufrazia. Lakini hayo ni mambo ya wazee, wewe maliza rangi."

Eufrazia, ambaye Taufiki alimwita hata hivyo, alishuka kwenye basi na jembe lililofungwa kiroba kwenye makali. Aliongozana na Ildefonsa, mwenyekiti wa kitongoji chao.

"Shikamoo mama," Taufiki alisema.

"Marahaba, mwanangu. Iko wapi?"

Alilala kwenye boksi bila kusaidiwa, akaishika miche mmoja mmoja. "Huu tuliupanda na mume wangu. Huu uliliwa na mbuzi, ona ulivyopinda." Alieleza kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya dukani. Matanga ya mumewe yalipomalizika, Xavery alifunga mnyororo kwenye Landrova, akaing'oa miramura yote, akaenda kupanda mingine karibu na mlango wa jiko la Eufrazia. Mibuni yake, migomba yake, mahali pa maharage, vyote vikawa ng'ambo, upande wa Xavery. "Nataka kibanja changu. Mvua ndiyo hii imeanza, nitarima wapi?"

Kisha akamtazama Taufiki. "Udongo uliokuwa humu umeupereka wapi?"

"Nimeutupa, mama."

"Nao ulikuwa wangu."

Taufiki aliona aibu, na kwa kuwa hakupenda kuona aibu kazini kwake, akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ildefonsa alitaka benchi, akaletewa. Alimsikiliza Eufrazia, akamsikiliza Erasmus, aliyefika nyuma yao, akainama kuangalia uvunguni, akatoa uamuzi. Miramura ni ya Eufrazia, hakuna anayebisha. Kilichomo ndani ya miramura yake ni chake. Ile mingine iliyoko Murukulazo nayo imeshashika mizizi, na haiwezi kung'olewa hadi majirani wote wawili waridhie.

"Mimi naridhia," Eufrazia alisema.

"Mimi siridhii," alisema Erasmus. "Ila mpaka wa mama uheshimiwe. Nisimwone mtu anaukata tena."

Kwa hiyo Eufrazia akapewa ardhi iliyo kati ya chasisi ya kulia na ya kushoto, kuanzia springi za mbele hadi bampa la nyuma, popote gari litakaposimama. Taufiki, ambaye hakuulizwa, alisema huo ni upuuzi mtupu. Aliambiwa apake rangi kuzunguka mashina, na asisahau chaki.

Mwanza majaji walilala kweli. Mmoja aliuliza kama mimea ni ya kiwandani. Erasmus akasema ameirithi na gari, wakaandika hivyo. Walimpunguzia alama kwa sababu ya chaki, ambayo ilikuwa nyeupe mno.

Tangu hapo Erasmus analiendesha gari lake kila mahali, na Eufrazia analifuata kwa basi. Likiegeshwa anaingia na jembe, analima kwa magoti, anafukia maharage. Ameshapanda Biharamulo mjini, ameshapanda kando ya kituo cha mafuta, ameshapanda nje ya baa. Hajavuna. Taufiki kazi yake ni kuziba mikwaruzo ya jembe kwenye rangi ya kiwandani, na kila akiziba anasonya. Murukulazo mibuni imeiva, na Eufrazia anaiona akiwa amesimama mlangoni pa jiko lake.

Juzi Landrova ilikuwa imekaa Nyakanazi wiki nzima, na maharage chini yake yalikuwa yameanza kutoa majani. Erasmus alitoka kunywa supu, akainama kandokando ya tairi, kofia mkononi.

"Shikamoo mama. Naomba utoke kidogo, naondoka na shamba."

"Marahaba," aliitika Eufrazia, akatanguliza jembe.