Kijani Chini ya Gome

Mkwaruzo wa kwanza niliuona asubuhi, nikiwa na kikombe cha maji mkononi. Ulikuwa chini kabisa ya shina, mfupi, na ndani yake palionekana kijani kibichi, kama cha ndizi ambayo haijaiva. Ningepaswa kufurahi. Badala yake niliogopa, kwa sababu mti ule niliachiwa mimi, na mimi sikuwa nimeugusa.

Ulikuwa mti wa baba. Mepo wa Kijapani, aina ya mti ambao ukiachwa ardhini hupita paa la nyumba, lakini yeye aliulea ndani ya chungu kifupi mfano wa sinia, kwa mkasi, waya na subira, hadi ukazeeka ukiwa na kimo cha paka aliyeketi. Miti ya namna hiyo huitwa bonsai. Baba alikuwa fundi saa, na majirani walimwita Bwana Polepole kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia kitu, hata mvua ikimkuta njiani. Majani ya mti wake yalikuwa madogo, yenye ncha zilizotanuka kama vidole. Kila msimu wa baridi yaligeuka mekundu, kisha yakapukutika yote.

Mwaka ule yalipukutika baba akiwa anafunga begi la kwenda kupasuliwa moyo. Alituita mezani sote: mama, kaka yangu dereva wa lori, shangazi, na mimi, ambaye kazi yangu ya kushona niliifanya nyumbani. Alisema mti utabaki kwangu. Akatuonya tusishtuke tukiuona mkavu, maana umelala tu, na mti uliolala na uliokufa haitofautiani kwa macho.

"Mkishindwa kabisa kuvumilia," alisema, "kwaruzeni gome kwa ukucha, kidogo tu, hapa chini. Mkiona kijani, uko hai. Lakini kila mkwaruzo ni kidonda. Ulizeni mara moja, muuache."

Akaeleza kwamba chakula cha mti hupitia kwenye gome, na gome likikwanguliwa duara zima, kama mshipi, basi mti umekwisha. Shangazi alimtania kwamba anatufundisha upasuaji ilhali anayepasuliwa ni yeye. Tukacheka, na baba akacheka kuliko sote.

Upasuaji ulikwenda vizuri, tuliambiwa hivyo. Ila baba hakuamka. Alilala na mrija kinywani, kifua kikipandishwa na mashine, na kila tulipokwenda, daktari alichukua kalamu, akaigandamiza juu ya ukucha wa baba kwa nguvu, akangoja kuona kama atavuta mkono. Kuna siku alivuta. Kuna siku hakuvuta. "Tusubiri," daktari alisema, nami nikalichukia neno lile kama tusi.

 Nyumbani hakuna aliyelitamka, lakini kila mmoja alikuwa ameshaufunga uhai wa baba na ule mti kwa fundo moja. Mimi nilishindwa kuukwaruza. Niliweka ukucha juu ya gome, nikauondoa, nikauweka tena. Kaka alinikuta hivyo, akanicheka kwamba tangu utotoni nimekuwa mwoga, hata kuku akichinjwa najifungia chumbani. Alisema kweli. Ningekuta kahawia, ningeingia wodini na uso gani?

Halafu mikwaruzo ikaanza kuongezeka. Ule wa kwanza ulipokauka, wa pili ulitokea kando yake, kisha mwingine. Nikadhani ni panya. Nikadhani ni paka wa jirani. Mwishoni nikadhani ni mtu mwenye nia mbaya, na nikautoa mti barazani nikauweka dirishani, mbele ya cherehani yangu, mahali ambapo hakuna mgeni anayefika. Mikwaruzo ikaendelea. Hapo ndipo nilipoanza kuiogopa nyumba yetu wenyewe, milango yake na viatu vilivyopangwa ukutani.

Asubuhi moja nilitoka kununua uzi, nikarudi mapema. Mama alikuwa ameinama dirishani, ukucha wake kwenye gome, amevaa tayari kwa kwenda hospitali.

"Nilitaka kuona tu kama bado," alisema bila kugeuka.

 Jioni niliwauliza na wengine, na wote wakainamisha macho. Kaka alikuwa akiukwaruza kila aliporudi safari. Shangazi alikwaruza kila alipokuja kutujulia hali. Kila mmoja alidhani anayeuliza ni yeye peke yake, na kwa kuwa kidonda kikikauka hakisemi kitu, alitafuta mahali pazima pembeni. Niligeuza chungu kwenye taa. Vidonda vilikuwa vimelizunguka shina, vinatafutana. Kilichobaki ni ukanda wa gome mwembamba kama kamba ya kiatu, upande unaotazama kiti changu.

Niliwaambia hakuna atakayeugusa tena.

"Na tutajuaje?" mama aliuliza.

"Hatutajua, mama."

Sijawahi kumwambia mtu neno gumu kuliko hilo. Zile wiki zilizofuata ndizo ndefu kuliko zote nilizoishi. Nilishona pindo na kufumua, nikiutazama mti ule mkavu, na kila simu ilipolia nilishtuka.

Simu moja ikaja na habari njema. Baba aliamka, akaomba maji, na baadaye akarudishwa nyumbani akiwa amepwaya ndani ya shati lake. Kitu cha kwanza alichouliza ni mti. Tuliuleta, tukajipanga mbele yake kama watoto waliovunja sahani ya wageni. Alivaa kile kioo chake cha kutengenezea saa, akaligeuza shina polepole.

"Hizi kucha ndefu ni za dada yangu," alisema. "Hili dole gumba la dereva."

Alifika kwenye mikwaruzo myepesi, iliyokuwa mingi kuliko yote. Akamwangalia mama. Kisha akaniuliza wangu uko wapi.

"Sikuthubutu, baba. Niliogopa."

Alipitisha kidole juu ya ule ukanda mzima, juu na chini. "Kwa mwoga huenda kicheko," alisema, akaanza kucheka, kifua amekishika kwa mikono miwili kwa sababu nyuzi zilimuuma.

Upande wa ukanda ulichipua msimu ule. Tawi la upande wa pili lilikauka, akalikata mwenyewe.

Baba aliishi miaka mingine mingi, na alipofariki alifariki kwenye kiti chake, mchana, sisi tukidhani amesinzia. Mti uko kwangu sasa. Gome limeota upya, limeacha uvimbe uliolizunguka shina, kama pindo lililoshonwa vibaya. Baridi ikiingia majani yanaanguka yote, na hofu inarudi ile ile, haijazoea. Mama, ambaye sasa ni mzee sana, huniuliza kama bado. Ninamwambia sijui. Kisha naumwagilia mti, naketi kwenye cherehani, na mikono yangu naikalia.