Mjane Aliyehamishiwa Miyuji

Kwa siku nne Edina Mazengo alikuwa akimfuta mwanamke mmoja kwa kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa Madeleine alipiga mstari, na juu yake akaandika Ruthu. Theluji aliigeuza kiangazi, kasisi akawa mchungaji, na kijiji cha Ufaransa kikahamia Miyuji, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwake. Kazi ilikwenda mbio kiasi cha kumtia shaka, maana tangu aanze kuandika hakuwahi kuona sentensi zikimtii hivyo.

Agizo lilikuwa la Castory, mchapishaji kijana wa Dar es Salaam. Edina alikuwa na riwaya zake tatu, zote zilitolewa na shirika la umma ambalo sasa, mwaka 1993, lilikuwa limebaki jina na mlinzi wa getini. Miaka tisa ilikuwa imepita bila kitabu. Asubuhi alifundisha Kifaransa sekondari. Jioni alitafsiri riwaya ya mwanamke mmoja wa Kifaransa, marehemu wa siku nyingi, asiyejulikana sana hata kwao, juu ya mjane mkulima wa zabibu. Bandu bandu, mwaka wa sita gogo likaisha. Castory aliusoma mswada, akausifu kwa dhati, kisha akasema kwamba hili ni soko huria na tafsiri hainunuliwi. Watu wanamtaka mtu wao. Amlete mjane Dodoma, aweke jina lake peke yake kwenye jalada, na kabla ya Krismasi kitabu kitakuwa madukani. Nani atajua? Mwenye njaa hana miiko, Edina alijiambia, na njaa yake yeye ilikuwa kitabu.

Lilibaki jambo moja. Zabibu alizijua za sokoni tu, na mjane wake alipogoa mizabibu katika kila sura. Jumamosi akaenda Miyuji, shambani kwa mkulima aitwaye Bartolomayo. Mwenyewe alikuwa amekwenda Bahi msibani, lakini dada yake Dorothea, mama wa miaka sitini hivi, alikuwa kati ya mistari ya mizabibu na mkasi mkononi.

Edina alimwamkia, akaeleza shida yake. Dorothea alimwonyesha bila maneno mengi: kila tawi alilikata na kuliachia macho mawili ya kuchipua. Edina akayaandika yote. Kisha, kwa ile tamaa ya mwandishi ya kusikilizwa, akaomba amsomee kipande. Ilikuwa sura ambamo Ruthu hajamaliza mwezi tangu amzike mumewe, na shemeji yake anakuja na karatasi ya kuchukua shamba. Ruthu anamkuta mlangoni. "Ingia ule, shemeji," anamwambia. "Chakula kipo. Shamba hulipati."

Mkasi ukasimama.

"Ruthu huyo ni wa Miyuji ipi?"

"Hii hii, mama."

"Hayupo." Dorothea hakuinua sauti. "Mjane wa Miyuji ni mimi. Shamba la marehemu lilikwenda kwa ndugu zake kabla ya kuanua matanga, na siku waliyokuja kulipima niliwapikia mimi. Angelisema hayo huyo Ruthu wako, kesho yake angekuwa njiani na mzigo kichwani. Umetunga tu, mwanangu."

Edina angeweza kumjibu kwamba riwaya ni riwaya. Lakini aliona aibu, aibu ya mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake. Akaeleza kwamba mjane haitwi Ruthu wala si wa hapa; kwao kuna baridi kali, na mzabibu huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Aliyemtunga alikuwa mwanamke wa kijiji hicho hicho.

"Na huyo mtungaji, alikuwa mjane?"

"Alikuwa mjane, mwenye shamba."

"Alikufa nalo?"

"Alikufa nalo, mama."

Dorothea akaweka mkasi chini, akaketi kwenye udongo.

"Basi nisomee huyo. Wako wa Miyuji ananifanya nijione mjinga niliyenyamaza. Huyo wa mbali ananipa habari."

Edina akasoma maneno yaliyokuwa chini ya wino mwekundu, mpaka jua likawachoma.

Njiani kurudi alijikasirikia. Miaka yote alikuwa ameiona tafsiri kama kupanda mgongo wa mwenzake, pumziko kati ya riwaya zake mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema. Na yeye alikuwa amemvua mgeni ugeni wake mlangoni, asijue ndani kuna aliyekuwa akimsubiri. Alipofika nyumbani akaanza kumrudisha Madeleine mahali pake, ukurasa kwa ukurasa.

Wiki iliyofuata Castory alipita kuuchukua mswada.

"Jina la mwenyewe litakaa juu," Edina alimwambia. "Langu litakaa chini, mfasiri."

"Mwalimu, hivyo sitaweza kukichapa."

"Najua."

"Utakaa miaka mingapi tena bila kitabu?"

"Itakayokuwa, Bwana Castory. Nitakuwa nafanya kazi."

Castory alimaliza chai yake, akaaga kwa adabu, na adabu ile ilimuuma Edina kuliko ugomvi. Alilia kidogo. Kisha akaweka karatasi mpya kwenye taipureta na kuanza kuchapa nakala safi, la kwanza kabisa jina la yule marehemu.

Jumapili, baada ya ibada, Dorothea alibisha hodi. Nyuma yake walikuwapo akina mama wanne, kila mmoja na kigoda chake. Edina alitaka kuanzia mwanzo, wakamkatalia kwa upole. Walitaka pale shemeji anapokuja na karatasi.

Akasoma. Alipomaliza maneno ya Madeleine pale mlangoni, mdogo kuliko wote, aliyekuwa bado amevaa nguo nyeusi, akanyoosha mkono kama mwanafunzi darasani.

"Rudia hapo, Mwalimu. Alimwambiaje?"

Edina akarudia, taratibu, na midomo ya yule binti ikawa inamfuata neno kwa neno.