Hesabu ya Saba

Fundi kufuli alikuwa na msimamo ambao hata ungemvuta kwa trekta asingeuacha: nakala ya nakala ni uji uliotiwa maji. Msimamo huo ulikuwa wa muziki tu, maana mkate wake aliupata kwa kuchonga nakala za funguo za watu kutwa kucha, na funguo hizo zilifungua milango bila kinyongo. Lakini umtajie nakala ya albamu ya Wazee, atazima mashine na kukukazia macho.

Wazee ni jina ambalo yeye na wenzake wawili waliipachika bendi yao kipenzi, bendi ya roki nzito iliyoanza kupiga kabla wao hawajaota ndevu na mpaka leo haijataka kustaafu. Magitaa yake yananguruma, ngoma zake zinabadili hesabu katikati ya wimbo, na ukijitia kuucheza utajikwaa mwenyewe. Kila Jumamosi alasiri watatu hao hukaa chumba cha nyuma ya duka, kati ya mbao zilizotundikwa funguo, wakabishana. Mwalimu wa hesabu alishikilia kwamba baada ya albamu ya kwanza Wazee walianza kuzeeka. Cheche, mchomeleaji wa mageti, alipenda chochote kilichotoka jana.

Shabiki wa nne alikuwa mama yake fundi, ambaye macho yalikuwa yamemzimika miaka sita iliyopita. Alikaa mlangoni kwenye kiti chake, akavumilia kelele zote, na wimbo wa tano wa albamu ya tatu ulipokwisha aliinuka akapapasa ukuta kurudi chumbani. Cheche alimwita Shabiki Namba Moja na kujigamba kila mahali kwamba kundi lao lina bibi wa miaka themanini. Fundi alicheka nao, akanyamaza.

Alinyamaza, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Albamu ile ya tatu waliisikiliza kwenye kanda aliyoirekodi kaka yake mkubwa walipokuwa vijana. Santuri ilikuwa ya kuazima, ya jioni moja tu. Waya wa kuunganisha haukuwepo, basi kaka akaweka redio kaseti mbele ya spika na kuwaamuru watu wa nyumba nzima wasikohoe. Yeye mwenyewe ndiye aliyevunja amri. Katika wimbo wa tano kuna mahali Wazee wananyamaza ghafla, kisha wanarudi kwa mapigo saba, kaka akajisahau, akamhesabia mdogo wake kwa sauti mpaka saba, akamalizia, "Ingia!" Baadaye akavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kanda, ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Mwaka uliofuata homa ya siku tisa ikamchukua.

Picha zake zilikuwepo, lakini picha zina faida gani kwa asiyeona? Mama alibaki na zile namba saba. Fundi hakuwaambia wenzake kwa sababu hakutaka kuhurumiwa, na hakuichukua sauti ile hata kwenye simu yake kwa sababu ya ule uji wake uliotiwa maji. Kazi ya dakika moja.

Toleo jipya la albamu ya tatu lilipotoka, limesafishwa kutoka kanda za studio, wakabishana wiki tatu mfululizo. Cheche alisema sasa besi inasikika. Mwalimu alisema wameiosha mpaka imechuja. Fundi alisema yeye ana kanda yake, inamtosha. Kisha kanda ikaanza kulia kama bawaba kavu, na Cheche, mwenye mkono mwepesi kwa vitu vidogo, akaomba aende nayo akaitengeneze. Fundi akampa. Nani hampi rafiki wa miaka tisa?

Jumamosi iliyofuata Cheche alikuja na uso unaong'aa. Mwalimu alikuwa amebanwa na mitihani, hakufika. Mama alikuwa tayari kitini. Fundi aliipokea kanda, akaona ni ileile, na mwandiko wa kaka ni uleule, akaitia ndani.

Tangu wimbo wa kwanza alijua. Besi ilisikika kila uzi. Aliifungua redio, akaitoa kanda, akaitazama mgongoni: matundu mawili ya vijino yalikuwa yamezibwa kwa karatasi iliyokunjwa vizuri, kazi safi ya fundi anayejua kazi yake.

"Nimekurekodia toleo jipya upande wote," Cheche alisema. "Kanda ya zamani, sauti mpya. Sasa hatutabishana tena."

Mama akauliza mbona muziki umekatika. Fundi akairudisha kanda kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na kwa sababu moyo wa mtu ni mjinga, ulimwambia huenda wimbo wa tano umesalimika. Akakaa akingoja nyimbo nne ziishe. Wa tano ukafika. Wazee wakanyamaza, na ukimya ulikuwa safi kabisa, hauna hata mkwaruzo. Kisha wakaingia.

Mama aliinamisha kichwa upande. Alingoja hadi mwisho, na hakuinuka.

"Leo mbona hakuhesabu?" aliuliza.

Cheche alitabasamu, akajibu kwa heshima zote. "Yule mpiga kelele, mama? Nimemfuta. Hatakusumbua tena."

Fundi akanyoosha mkono kumzuia, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama aligeuza uso, akiutafuta upande alipo mwanawe.

"Kamfuta nani?"

Cheche alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na tabasamu likaanza kumtoka taratibu. Fundi alipiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono ya mama yake. Miaka thelathini na moja iliyopita, ni yeye aliyetumwa kutoka hospitali kuja kumwambia, na alipiga magoti hivihivi.

"Mama," alisema, "kaka ametutoka."