Mitambo Minne ya Selina

Mtambo wa kufuma nguo ulikuwa bado una joto Jethro Ormerod alipoushika kwa spana. Mkewe, Selina, aliyeufumia miaka ishirini na sita pamoja na mingine mitatu jirani yake, aliulaza mkono juu ya chuma kama anayempapasa ng'ombe anayepelekwa machinjioni.

"Nipishe, mke wangu."

"Umezunguka dunia ukiwafungia wenzetu mitambo," Selina alisema. "Leo umerudi Burnley kuning'oa mimi?"

"Mng'oe taratibu, Jethro," mfumaji mmoja alitania akichukua kikapu chake. "Ana mizizi huyo!"

Wenzake wakacheka kicheko kikavu, wakashuka ngazi kwa mara ya mwisho.

Kiwanda hicho cha Uingereza kilifungwa kwa sababu Bombay kule India, iliyokuwa ikinunua vitambaa vyao, sasa ilijifumia. Jethro alilijua hilo kuliko yeyote. Kabla ya Vita Kuu ya 1914 aliishi huko miaka miwili akifunga mitambo, akarudi na hariri na visa tele. Siku zile alijiona muuza shoka tu. Hakuuliza litaangusha mti gani.

Mitambo hii ilinunuliwa na watu wa Osaka, Japani. Fundi wao, Bwana Morita, alikuta mtambo wa nne wa Selina umefungwa ukanda wa ngozi pembeni, akamwuliza Jethro kazi ya ukanda huo. Jethro hakujua. Ikabidi Selina aitwe.

"Nikikwambia, wasichana wenu watafuma vizuri, nami nitabaki jikoni kuhesabu vigae," Selina alimwambia. "Kwa nini nikwambie?"

Morita aliinamisha kichwa. Akauachia ukanda ule, akampisha.

Selina akaenda zake. Jioni ile hakugusa chakula.

Asubuhi Selina alirudi mwenyewe, shali mabegani, akaushika mkono wa Morita na kuupeleka kwenye ngozi.

"Huu hukizuia kile kijiti kinachopitisha uzi. Bila huu, kinaruka nje. Kilimtoboa jicho Annis, rafiki yangu, tumesimama hivi hivi bega kwa bega. Nikaufunga mwenyewe. Usiache mtu aufungue, hata akikwambia ni uchafu."

"Nimesikia, mama."

"Siwapendi ninyi," aliongeza. "Lakini jicho ni jicho."

Jethro aliinama akijifanya kutafuta chaki. Miaka miwili ya Bombay ilipita mbele yake, mamia ya mitambo aliyoifunga, na hakukumbuka uso wa mfumaji hata mmoja. Kule alikagua chuma, akatia sahihi, akapanda meli.

Sanduku la mwisho lilipoondoka kwenda bandarini Liverpool, alipanda ghorofani kumwita mkewe. Alimkuta anafagia. Pale iliposimama mitambo yake, mbao za sakafu zilikuwa nyeupe, na kandokando zimelowa mafuta meusi. Alikuwa akikusanya vumbi la pamba kutoka pembe hadi pembe, bila haraka.

"Selina, jengo halina mnunuzi. Hakuna atakayeingia humu."

"Najua," alisema, akainama kuokota uzi.

Jethro alivua kofia, akabaki mlangoni, asijue pa kukanyaga.