Maji Yaliyoungua

Shemeji aliniletea picha aliyoipiga kwa simu yake, nami nikaicheka kabla sijaitazama vizuri. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Mengine nitayataja kadiri yanavyokuja, maana yako mengi na yote ni yangu.

Nina studio ya picha kwa miaka ishirini na mbili sasa. Nimepiga maharusi, wahitimu, na pasipoti za nusu ya mji huu. Mtaani wananiita Fundi Tulia, kwa sababu hilo ndilo neno ninalowaambia wateja kutwa nzima. Kwa hiyo mtu akiniletea picha iliyoinama upande, yenye kidole chake kwenye kona, siwezi kunyamaza. Ningenyamaza ningeumwa.

Huyu shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Ana kitalu cha miche chini ya maporomoko ya maji, kule msituni. Miche elfu tatu, kila mmoja kwenye kiriba chake, na yote inanyweshwa kwa maji ya pale. Sasa, kiwanda cha karatasi kilitandaza bomba juu ya maporomoko, na tangu siku hiyo maji yakawa yanashuka kwa kuchuruzika. Kama hiyo haitoshi, kiwanda kikaomba kuweka bomba la pili. Shemeji akaandika barua ya malalamiko. Afisa wa maji akamwambia barua peke yake haitoshi, alete picha. Bila picha, bomba la pili litapitishwa, na kitalu kitakuwa kimekwisha.

"Shemeji," nikamwambia, "maji yako haya yameungua."

"Yameungua? Maji?"

"Ndivyo tunavyosema mafundi. Mwanga ukizidi, panabaki peupe tu. Hakuna kitu ndani."

"Kwani ndani kulikuwa na kitu? Si ndicho ninacholalamikia?"

Ningekuwa na akili, ningeishia hapo. Badala yake nikamwambia aifute, nitampigia ya maana. Akaifuta palepale mbele yangu, kwa sababu alikuwa ananiamini.

Mara ya kwanza nilikwenda saa sita mchana, kama mwanagenzi. Jua lilikuwa linapenya kwenye majani na kudondosha mabaka ya mwanga kila mahali, nami nikaunguza maji vibaya kuliko yeye. Hilo sikumwambia mtu.

Mara ya pili nilikwenda asubuhi, siku ya mawingu, mwanga ukiwa umetulia. Nikaacha kuyaweka maporomoko katikati kama mtu anayesubiri pasipoti. Nikachuchumaa chini kabisa, nikaliweka jiwe moja kubwa kwenye kona ya mbele, nikaiacha njia ya kijito iongoze jicho hadi juu, na anga nikaikata yote. Ilikuwa imepangika vizuri sana. Tatizo lilikuwa maji yenyewe: nyuzi tatu nne tu, na nyuma yake unaona jiwe kavu.

Mke wangu akaitazama huku anamenya viazi.

"Si ndiyo hii anayoitaka dada?"

"Hii haina uhai."

"Na hayo maporomoko yana uhai?"

Sikuambilika. Mara ya tatu nikabeba stendi ya miguu mitatu na kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ambacho nilikinunua zamani na sikuwahi kupata kazi yake, maana maharusi hawahitaji giza. Nikaiacha kamera wazi sekunde nne nzima. Katika sekunde nne, kila tone linalopita linaacha alama yake. Zile nyuzi zikaungana, zikawa shuka moja pana, jeupe, laini, toka juu mpaka chini. Nilipoiona kwenye kioo cha kamera machozi yalinilengalenga. Nasema kweli. Miaka ishirini na mbili ya pasipoti, hatimaye nimepiga picha!

Niliichapisha kubwa, nikaitia fremu. Shemeji akaishika kwa mikono miwili.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini shemeji, maji yote haya umeyatoa wapi?"

Nikadhani ananisifu.

Wiki mbili baada ya kuipeleka aliitwa ofisini kwa afisa, nami nikavaa koti nikamsindikiza, maana mwenye picha lazima aonekane. Picha yangu ilikuwa imetundikwa ukutani, nyuma ya kiti cha afisa, juu kidogo ya kalenda. Kichwa kikanivimba mlangoni pale pale.

"Mama," afisa akasema, "mimi sikuelewi. Unalalamika maji hakuna, halafu unaniletea maji yamejaa tele. Kwa maji haya, hata bomba la tatu lingepita."

Shemeji alinigeukia mimi, akanitazama, na lile koti likaanza kunibana.

"Mkuu," nikasema, "hiyo picha nimeitia chumvi."

"Chumvi gani?"

Nikamweleza kila kitu: kioo cheusi, stendi, zile sekunde nne, jinsi mchirizi unavyogeuka mto. Sijawahi kujisuta hivyo mbele ya watu, tena chini ya kazi yangu bora. Afisa alisikiliza kwa makini, na nilipofika kwenye kioo cheusi akavuta droo, akatoa daftari.

"Sekunde nne, umesema? Mimi nimenunua kamera juzi, kila nikipiga maji yananiungulia. Na lile jiwe la mbele, uliliweka makusudi?"

"Makusudi, mkuu. Jicho linahitaji pa kuanzia."

"Alaa!"

Tukazungumza hivyo nusu saa. Nilikuwa katikati ya kumweleza habari za mawingu nilipomsikia shemeji.

"Umemaliza kufundisha?"

Afisa akafunga daftari. Akasema yeye ni mtu wa haki, hawezi kuamua kwa picha yenye mashaka. Jumamosi atakuja kujionea kwa macho yake. Njiani nilimwambia shemeji mambo yameiva. Yeye akaongeza mwendo.

Jumamosi afisa akaja kweli, amevaa viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, kamera shingoni na stendi mpya begani. Shemeji alikuwa ametangulia. Alikuwa ameweka ndoo chini ya ule uzi mnene kuliko nyingine, ili mgeni aone mwenyewe maji yanachukua muda gani kuijaza. Lakini afisa hakutazama ndoo wala maporomoko. Alikuwa anatafuta pa kusimamisha stendi.

"Mkuu, njoo uone huku," shemeji akaita.

"Nakuja mama, nakuja. Fundi, hapa panafaa?"

"Sogea kushoto kidogo," nikasema. "Kidogo tena. Shuka chini."

Naapa nilikuwa nimekuja kumtetea. Lakini alikuwa amekosea mpangilio, na mimi kosa likiwa mbele yangu siwezi kulipita. Muda ukaenda. Tukabadilisha jiwe mara mbili, tukasubiri wingu. Shemeji alikuwa anazunguka pale chini, anakwenda kwenye ndoo, anarudi, anaita, anakwenda tena.

"Mwambie mama apishe," afisa akasema, "ataharibu picha."

Jicho langu lilikuwa kwenye kamera yake. "Mwache tu," nikamjibu. "Akiwa anatembea, sekunde nne hazitamshika, hataonekana."

Nililisema hilo kwa sauti ile ile ninayotumia kuwaambia wateja wainue kidevu. Shemeji alisikia. Alisimama kidogo, akaniangalia, kisha akaendelea kutembea. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu, na hata hivyo sikumwambia afisa aache. Akabonyeza. Tukahesabu sekunde nne.

"Fundi! Hebu ona!"

Maji yalikuwa yamejaa tele. Shemeji akainua ndoo yake, akaja polepole juu ya mawe, akainama kwenye kile kioo kidogo. Akajitafuta upande huu, akajitafuta na upande ule.

"Mimi niko wapi?"

"Huonekani, mama," afisa akasema kwa furaha. "Ndiyo ufundi wenyewe huo."

Shemeji akanyanyuka. Akainyanyua ndoo kwa mikono miwili na kuipindua yote juu ya viatu vya afisa. Mimi niliruka nyuma, mkono kwenye kamera. Afisa alipiga yowe, akafumba macho, akasubiri.

Kisha akayafumbua. Maji yalikuwa yamelowesha ncha ya kiatu kimoja tu. Akatazama kiatu, akatazama ndoo, halafu, kwa mara ya kwanza tangu aje, akageuka akayatazama maporomoko.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Tangu ulipofika," shemeji akamjibu.